Siku Mama Aliponisalimia kwa Kiswahili

Sultan Hamud si mahali pa koti. Jua linatoka mapema, linakaa juu ya mabati mpaka jioni, na upepo ukija unakuja na vumbi la barabara ya Mombasa. Watu wenye akili zao huvaa shati. Mimi nilikuwa na makoti sitini na matatu.

Nasema sitini na matatu kwa sababu mke wangu aliyahesabu. Mimi mwenyewe ningesema ishirini, labda ishirini na tano, na ningesema hivyo kanisani bila kupepesa macho. Aliyahesabu siku moja nikiwa dukani, akaandika hesabu pembeni ya kalenda, akaiacha hapo ukutani kama watu wanavyoacha tarehe ya chanjo ya mtoto. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu na anajua kwamba kelele hazifundishi.

Duka langu ni agroveti. Nauza dawa za minyoo, mbegu za ndengu, dawa ya kuogesha ng'ombe, chakula cha kuku. Kwa sababu hiyo mji mzima huniita daktari, ingawa sijawahi kumtibu mtu wala mnyama. Mteja anayekuja kununua dawa ya mbuzi haangalii muuzaji amevaa nini. Anaangalia tarehe kwenye chupa. Nilijua hivyo vizuri, na bado nilisimama nyuma ya kaunta nimevaa sufu nzito iliyoshonwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, jasho likinitiririka mgongoni, nikimweleza mzee wa watu kipimo cha dawa kulingana na uzito wa mbuzi.

Ugonjwa wangu una jina, na jina lenyewe ni kamera. Asiyenunua mitumba huenda asilijue. Belo, lile robota la mitumba lililofungwa kwa kamba, ikifunguliwa, wanaochagua kwanza huchagua kamera, yaani zile nguo safi ambazo hazina doa wala kifungo kilichong'oka. Baadaye wanakuja wa pili, wa tatu, na mwishowe kinachobaki huitwa fagia, kwa sababu ni kama takataka za kufagiwa. Muuzaji wangu alikuwa mama mmoja aliyehamia Sultan Hamud kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita, mwenye sauti ya upole na kumbukumbu ya kutisha. Alijua mabega yangu kuliko fundi wa nguo. Belo za makoti alizifungua Jumatano na Jumamosi, na kabla hajakata kamba alinipigia simu. "Daktari, njoo," alisema, basi, na mimi nikafunga duka katikati ya sentensi ya mteja.

Sikuwa nikitaka koti. Hili ndilo watu hawaelewi. Nilitaka kuwa wa kwanza. Mkono ukiingia kwenye lile rundo lenye harufu ya dawa ya belo, ukagusa kitambaa kizuri kabla ya mkono wa mtu mwingine, moyo ulinidunda kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. Nikifika nacho nyumbani kilikuwa koti tu. Mengine sikuyavaa hata mara moja.

Mtu akiulizwa kwa nini yuko hivi, hukimbilia utotoni. Ningependa kusema kwamba nilikua bila koti, nikitetemeka asubuhi nikienda shule. Lakini kwetu ni Kanyangi, na Kanyangi hakuna anayetetemeka isipokuwa ana malaria. Tena koti nilikuwa nalo. Sina kisingizio.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Makoti yalianza kwenye kabati letu, yakahamia kwenye kabati la watoto, yakapanda kwenye fito za mapazia hata chumba kikawa na giza mchana, halafu yakakaa kwenye viti vya sebuleni kama wageni ambao hawajaambiwa chakula kimeisha. Mgeni wa kweli akija ilibidi kwanza tuyahamishe. Mke wangu alinikumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akasema wahenga walikuwa wananisema mimi moja kwa moja.

Kuna kituo cha biashara upande wa Kitui kinachoitwa Kabati. Mtu mwenye ugonjwa kama wangu hapaswi kuruhusiwa karibu na mji wenye jina hilo. Nikitoka Sultan Hamud kwenda kwetu Kanyangi ningeweza kupitia Wote na kuvuka Mto Athi, njia iliyo fupi. Nilipitia Kabati, njia ndefu, kwa sababu ya soko. Mara mbili niliondoka nyumbani asubuhi kwenda kumwona mama, nikaingia soko la Kabati kuangalia tu, nikarudi Sultan Hamud jioni na makoti mawili na bila kumwona mama. Mke wangu aliuliza mama anaendeleaje. Nilisema anaendelea vizuri. Hilo nalijutia mpaka leo, maana hakuwa akiendelea vizuri.

Mama yangu anaishi Kanyangi, kwenye boma letu, pamoja na kaka yangu na mke wake. Baba alikufa zamani. Nilikuwa nikienda Krismasi, nikienda kukiwa na mazishi, na nikienda siku ambazo dhamiri ilinisumbua na hakukuwa na belo. Kwa simu tulizungumza, na kwa simu mama alikuwa mzima kila siku. Macho hayasikiki kwenye simu.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeanza kuniambia. Alisema mama anamwaga chai pembeni ya kikombe. Alisema amewafukuza kuku wa jirani ambao walikuwa mawe. Nilisema ni uzee. Nikaahidi kuja Jumamosi, na Jumamosi ikafunguliwa belo kutoka mahali penye baridi kali, nikaja mwezi uliofuata.

Nilivaa koti la kijivu lenye mistari membamba, kamera ya kamera, na viatu vilivyopigwa rangi. Nilitaka mama aone kwamba mwanawe anaendelea vizuri. Pikipiki iliniacha barabarani, nikaingia bomani kwa miguu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, uso wake umenielekea. Nikasimama mbele yake, hatua chache, nikangoja.

Lazima nieleze kwa nini nilingoja. Kwetu Ukambani mdogo hamwanzi mkubwa. Mama ndiye husema "Wakya?" na mtoto akajibu "Aa," na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Hata ukiwa na mvi, ukiwa na duka, ukiwa daktari wa mbuzi, unasimama unangoja uamkiwe. Nikasimama. Mama akainua uso, akanitazama kwa muda, akapangusa mikono kwenye leso, akasema:

"Karibu, bwana. Keti hapo kwa kiti."

Alisema kwa Kiswahili.

Mama yangu hajawahi kusema nami Kiswahili maishani mwake. Kiswahili kwa mama ni lugha ya watu wa serikali. Ni lugha ya kuandikishwa: chakula cha msaada, chanjo ya mbuzi, kura, bwawa ambalo lingechimbwa na halikuchimbwa. Anakiweka kama sahani za wageni, anakitoa akiona koti, na wageni wakienda anakirudisha. Kunisalimia kwa lugha hiyo ilikuwa ni kuniambia kwamba mimi si wake.

Nilipaswa kusema kitu. Badala yake nilinyoosha kola ya koti. Naye kwa heshima akaendelea kumhudumia afisa wake.

"Kama ni ile pesa ya wazee, mimi nilishaandikwa," alisema. "Kama ni ya mbuzi, mbuzi iko huko nyuma, ni sita. Na hiyo bwawa, sijui mnaleta lini."

Nikaketi, kwa vile niliambiwa niketi. Akaniuliza kama ninataka kuandika majina ya watoto. Bila kungoja akayataja: huyu wa hapa nyumbani, na mwingine. Huyo mwingine, akasema, yuko Sultan Hamud, ni mtu wa kazi nyingi, ana duka kubwa. Alisema hivyo kwa fahari, akanyoosha mgongo. Kisha akaongeza, bado kwa Kiswahili chake cha serikali, kwamba niandike tu yuko mbali.

"Mwaitu," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. Sauti ilitoka mbaya.

Mikono ya mama ilishika leso ikakaa hapo. Halafu akasema "Wakya?" kwa sauti ndogo, nami nikajibu "Aa," tukafanya kana kwamba nimefika wakati ule. Akacheka kidogo, akasema jua lilikuwa kali machoni. Jua lilikuwa nyuma yake. Aliona aibu, na mimi niliona aibu zaidi, na shemeji aliyekuwa mlangoni na sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, alirudi ndani.

Wiki ile ile tulimpeleka hospitali mjini Kitui. Daktari wa macho, daktari wa kweli safari hii, alimpima polepole na kutuambia ni presha ya macho. Imekula kutoka pembeni kuja katikati, bila maumivu, kwa miaka. Kilichokwenda hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki, kwa muda ambao hakuna anayeujua. Mama aliuliza kilichobaki ni kiasi gani. Daktari alisema anaona mwanga, anaona vivuli, na rangi kali akisimama nayo mtu mbele ya kitu cheusi. Mama akasema hiyo inatosha kwa mtu wa umri wake.

Njiani kurudi nilimuuliza shemeji mama anamjuaje yeye. Alionekana kushangaa. Alisema ana nguo tatu: ya shamba nyekundu, ya nyumbani ya bluu, na ya kanisa nyeupe. Mama anaona nyekundu inakwenda, anajua ni yeye anakwenda. Kaka ana fulana moja ya kijani na nyingine ambayo pia ni ya kijani. Basi. Wao wanajulikana. Mimi, alisema kwa upole, kila nikija nimekuwa mtu mwingine.

Nililala na neno hilo na nikaamka nalo. Wanaume wengine wangeamua kurudi nyumbani mara nyingi zaidi. Mimi nikaamua kwamba tatizo ni la nguo, kwa kuwa nguo ndicho kitu nilichojua.

Nikarudi Kanyangi na makoti kumi na moja ndani ya gunia la chakula cha ng'ombe. Mpango ulikuwa rahisi. Mama aketi pale mbele ya jiko, shemeji akae kando yake, na mimi niingie kwenye lango mara kumi na moja, kila mara na koti tofauti, mama aseme anaona nini. Jirani zetu wawili waliacha kupalilia wakaja kuegemea ua. Hakuna burudani nyingi Kanyangi kabla ya mavuno.

Koti jeusi, mama alisema haoni kitu. La bluu iliyokolea, alisema ni mti. La kahawia, akauliza kama ng'ombe wa jirani ameingia tena. Lile la kijivu lenye mistari, koti bora kuliko yote niliyowahi kununua, alisema labda ni moshi. Niliingia na kutoka, nikavua na kuvaa nyuma ya mnyonyo, jasho likinitoka, na kila nilipotokea mama alijitahidi kwa moyo wote kuona kitu cha kunifurahisha. Jirani mmoja alipendekeza nivae godoro.

La kumi na moja lilikuwa chini kabisa ya gunia. Lilikuwa la manjano, manjano ya bizari, lenye mkanda kiunoni na kola pana. Nililinunua siku ya kamera yenye fujo, nikalinyakua kabla ya mkono wa mtu mwingine, na nilipofika nyumbani mke wangu alinionyesha kwamba vifungo viko upande wa kushoto. Lilikuwa koti la mwanamke. Nililificha. Sijui ni nani kati yangu na shetani aliyelitia kwenye gunia.

Nikalivaa, nikatokea langoni.

Mama akainua mkono. "Hiyo naiona," alisema.

Nikatembea kushoto, mkono wake ukanifuata kushoto. Nikatembea kulia, ukanifuata kulia. Nikafika mbele yake akashika mkono wa koti, akavuta kidogo, akacheka kicheko cha kweli ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Jirani zangu nao walicheka, kwa sababu zao. Nilisimama pale nimevaa koti la kike la manjano katika jua la saa saba, na kusema ukweli nilikuwa na furaha.

Niliporudi Sultan Hamud yale mengine yalikuwa yamekufa. Siwezi kulieleza vizuri zaidi. Nilifungua kabati nikaona moshi, miti na ng'ombe wa jirani. Mama wa Murang'a alikataa kuyachukua, akasema yeye anauza, hanunui, na kwamba nguo ikitoka sokoni hairudi, kama mtoto aliyezaliwa. Nikaamua kuyagawa dukani. Kila aliyenunua dawa ya minyoo alipewa na koti.

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa huku hapaswi kufanya. Kwetu makoti ya mwanamume hugawanywa mara moja tu, naye mwenyewe hayupo. Mteja wa kwanza alipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka. Wa pili hakuuliza, alitoa pole. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika kanisani kwamba daktari wa mbuzi ni mgonjwa, amepewa miezi, anagawa vitu vyake akiwa bado na nguvu. Mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili wa kanisa. Waliomba kwa muda mrefu. Nilijaribu kueleza kwamba nina makoti mengi tu, mchungaji akanishika bega na kusema ni vizuri kukubali. Mke wangu aliwaletea chai na kuangalia pembeni, mabega yake yakitikisika. Mchungaji aliondoka na koti la kahawia. Lilimkaa vizuri kuliko mimi.

Nilibaki na matatu. Jeusi la mazishi na harusi, la kahawia la mikutano, ndugu wa lile la mchungaji, na la manjano la Kanyangi. Watoto walipata kabati lao. Mapazia yalifunguliwa, tukagundua ukuta wa chumba chao ni wa kijani kibichi.

Kuishi na makoti matatu kuna mambo yake. Kwanza, kumbe koti huchakaa. Sikuwa nikijua, kwa sababu sikuwahi kuvaa moja muda wa kutosha. Kiwiko huanza kung'aa, halafu kinakuwa laini, halafu siku moja unaona shati. Nilimpelekea fundi, akaniuliza kama mambo ni magumu. Pili, unaanza kujua mifuko. Huu una tobo, huu una risiti, huu mtoto aliweka peremende iliyoyeyuka. Tatu, asubuhi inakuwa ndefu. Nilikuwa nikifungua duka saa mbili na nusu, sasa nikawa nafungua saa moja, na nilipokosa la kufanya nilifagia. Na Jumamosi, kwa kuwa sikuwa na kamera, nilikuwa na siku nzima tupu mikononi mwangu. Nikawa nakwenda Kanyangi, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, kwa njia ya Wote.

Nilishuka pikipiki, nikavaa la manjano, nikaingia, mama akasema "Wakya?" kabla sijafika katikati ya boma. Tulikunywa chai. Niliangalia mbuzi. Watoto wa kijiji walianza kuniita jina ambalo sitaliandika hapa.

Ningependa kuishia hapo, lakini mazoea yana tabu. Miezi minne ilipita. Jumamosi moja, ile ambayo si ya Kanyangi, simu ililia. "Daktari, njoo," alisema yule mama wa Murang'a, kwa upole ule ule. Nilikwenda kuangalia tu. Nikaangalia kwa mkono. Nikaenda tena Jumamosi iliyofuata, ambayo ilikuwa ya Kanyangi, nikampigia mama simu nikasema duka lina watu wengi. Akasema kazi ni kazi. Nikafanya hivyo Jumamosi sita. Makoti saba mapya niliyaweka dukani nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Mke wangu alijua kwa harufu. Aliniuliza tu kama ng'ombe siku hizi wanalishwa sufu.

Wiki ya saba nikaenda Kanyangi. Nilivaa moja la bluu, jipya, maridadi, kwa sababu nilikuwa nikipitia mjini. La manjano lilikuwa ndani ya mfuko, ili nilivue hili na kulivaa lile nikifika langoni. Lakini kijana wa pikipiki alikuwa na ukarimu wa kupita kiasi. Alinipeleka mpaka ndani ya boma, akazima injini mbele ya jiko.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu, bwana," alisema. "Kama ni ya mbuzi, siku hizi iko nne."

Nilifungua mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta tiketi. Nikavaa la manjano juu ya la bluu, maana vifungo havikufunguka haraka, nikasimama pale nimevaa makoti mawili. Mama aliniangalia. "Ah, ni wewe," alisema, kwa Kikamba, na akaingia ndani kuniletea kiti. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja alipopita. Nililia kidogo. Kijana wa pikipiki alijifanya anaangalia gurudumu.

Wiki ile makoti saba yalikwenda kwa wateja saba. Sasa hakuna aliyetoa pole, walishazoea. Nilimwambia mama wa Murang'a asinipigie tena, akasema sawa, akanitakia mema, na kwa kweli hajapiga. Nilikuwa nimepata ushahidi wa kutosha. Koti la manjano, mama ananijua. Koti lingine, mimi ni serikali. Nikalitunza lile koti kuliko ninavyotunza duka. Nililifua Jumapili ili likauke mapema. Fundi alibadilisha kola. Nilikwenda kila baada ya Jumamosi moja bila kukosa, mvua ikinyesha, njia ikiharibika, na kila mara mama alisema "Wakya?" kabla sijafika.

Ndengu zilivunwa, mbaazi zikaja. Jumamosi moja nilimkuta ameketi akichagua mbaazi kwenye ungo. Kulikuwa na joto hata mbwa alikuwa amelala ndani ya jiko. Niliketi kando yake nikiwa nimefunga koti mpaka juu, jasho likidondoka kwenye mbaazi. Mama alisikia nikijipangusa.

Aliniambia nivue koti. Nikasema sivui, yeye hataniona. Aliendelea kuchagua mbaazi kwa vidole, mbovu akizitupa upande kwa kuku.

"Silioni," alisema. "Tangu mavuno ya ndengu silioni."

Tulikuwa tukisema Kikamba. Mimi ndiye ninayeyaandika kwa Kiswahili.

Nilihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa miezi mitano. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alisema alidhani ninalipenda. Shemeji alikuwa amemweleza lilivyo, akaona si vizuri kumwambia mwanamume mzima kwamba anavaa koti la kike bure.

Nikamuuliza basi amekuwa akinijuaje.

"Ni Jumamosi," alisema. "Nani mwingine anakuja hapa?"

Yeye akatikisa ungo, akapuliza maganda, akagusa mbaazi kuona kama zimebaki mbovu.

"Hata wakati ule haikuwa koti," alisema. "Ulikuwa unakuja kama mtu wa serikali. Mara moja kwa mwaka, unasimama hapo, unangoja."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuambia njia. Nilitaka kubisha, nikaanza kuhesabu safari zangu za mwaka ule wa makoti sitini na matatu, nikafika tatu nikaacha, kwa sababu mbili kati ya hizo niliishia Kabati. Nikavua koti, nikaliweka chini, nikavuta ungo upande wangu, tukachagua mbaazi mpaka zikaisha.